Jani la Sale Mlangoni

…nilinyamaza, hilo silikatai, hata mbele ya Mungu sitalikataa, wazee waliponigeukia pale uwanjani kwa Leodegar wakaniuliza, "Mama Yuditha, una neno?" nikasema sina, na neno nilikuwa nalo, limejaa mdomo mzima kama ndizi ya moto, nikalimeza hivyo hivyo, na leo nimekaa kwenye kigoda hapa jikoni namenya ndizi mshare za kupikia machalari, na mume wangu Thadeus amesimama mlangoni na jani la sale mkononi, bichi, kalichuma sasa hivi mpakani, ananiuliza, "Mama Yuditha, salamu yangu kwa Leodegar ilikuwa na dharau?" na mimi nanyamaza tena, safari hii kwa kuagizwa, maana Sista Veronika wa zahanati ya parokia amenikataza kumjibu, kasema huo ni ugonjwa, mama, na jibu lako ndilo chakula chake, basi namenya, kisu kinapita chini ya ganda, utomvu unanikaa vidoleni, sitazami mlangoni, nikitazama nitajibu, najijua, nina huruma ya haraka, huruma ya mtu anayetaka tu kelele iishe… "Maana nilikuwa na mzigo wa majani kichwani," anasema, "sikuweza kuinama vizuri, shikamoo niliisema, lakini niliisema kama mtu anayekohoa, wewe uliisikia?" niliisikia, ilikuwa shikamoo safi kabisa, Leodegar akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani, akapita zake na mwavuli wake akikwepa matope haya ya El Nino, hakuna kilichoharibika, neno moja tu nikilisema hapa, "ilikuwa njema," uso wake utafunguka kama dirisha, atashusha mabega, ataenda kumpa ng'ombe majani… na kabla maji ya ndizi hayajachemka atarudi, "lakini una hakika?"

Namjua. Nimelala naye na kuamka naye tangu nikiwa msichana wa kuvaa kitambaa cheupe kwenye kwaya, mama yangu alisema umepata mwanamume mwenye hofu ya Mungu, na mimi nikavimba kichwa, waume wa wenzangu walirudi jioni kutoka kwenye pombe ya mbege wakiimba, wangu alirudi kutoka kwenye kitubio, nikawa nawatazama wenzangu kwa pembe ya jicho, kiburi kile nacho ni dhambi, nimeshakiungama… kumbe hofu ile haikuwa ya Mungu, au ilianza ya Mungu ikapotea njia, maana Mungu ukimtubia anakuacha ukalale, lakini Thadeus alikuwa anaanza sala ya kutubu, anafika katikati, anasema neno hili sikulitia moyo, anarudi mwanzo, magoti yake yamefanya sugu kama ya ngamia, na paroko alipochoka naye akamwambia, "Thadeus, nenda nyumbani, Mungu si kiziwi," na yeye badala ya kutulia akakesha akijiuliza kama amemchosha padre na kumtia dhambi ya hasira. Ndipo akageukia masale. Sale si jani la mchezo, kwetu mtu akikuletea sale amekuja kukuomba msamaha na huna ruhusa ya kumkataa, hata kama alikuchomea nyumba unalipokea na kesi inakwisha, ndiyo maana wazee walilipanda mpakani, lipo pale mbele ya macho kumkumbusha mtu asimtende jirani yake vibaya, mtu hubeba sale mara moja au mbili maishani mwake, tena usiku wa kuamkia siku hiyo halali, lakini Thadeus alilibeba kama wengine wanavyobeba jembe. Alimpelekea katekista kwa sababu alipiga miayo wakati wa mafundisho. Alimpelekea mwanamke Mlutheri wa Old Moshi anayepita akiuza dagaa, alidhani amemtazama vibaya, na yule mama hakujua amjibu nini, akashukuru akalifungia dagaa. Watoto wakamwita Baba Sale, wakimwona njiani wanasema, "Baba Sale, umekanyaga kivuli changu," wanacheka wanakimbia, na kesho yake asubuhi yupo kwenye uwanja wa mzazi wa yule mtoto, jani mkononi, kweli anaomba radhi ya kivuli, na mama wa mtoto ananiangalia mimi nikija kumchukua, ananiangalia hivi, kama mtu anayetaka kusema pole na kucheka kwa pamoja. Masale yetu ya mpakani yakabaki vijiti, hayakuwahi kupata nafasi ya kuota.

"Mama Yuditha." Nipo. Sisemi nipo. "Mama Yuditha, nimpelekee tu, nisimame mlangoni, nisiingie ndani, nimpe nirudi." Hapo mkono wangu unasimama kidogo, kisu kimekwama kwenye ganda, maana hilo la kwenda ndilo ninaloliogopa kuliko swali, mtamba wa Leodegar hali kitu tangu juzi, kalala tu na pua kavu, nimesikia kwa mkwe wake kisimani, na Thadeus hajui, na akienda leo pale na sale mkononi, mtamba akifa kesho, wazee watakaa tena, watakaa kama walivyokaa kwa yule ng'ombe wa kwanza, safari hii sijui watatuambia tulipe au watatuambia tuhame. Sitamzuia kwa mkono. Sista alisema usimshike, usimfungie mlango, usimwambie nenda wala usimwambie usiende, mwache na shaka yake kama unavyomwacha mtoto na kidonda ulichokwisha kukifunga, atataka kukibandua, usimsaidie kubandua. Ni rahisi kusema ukiwa zahanati umevaa nguo nyeupe. Naendelea kumenya.

Yule ng'ombe wa kwanza… ulikuwa mwaka malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda huku Uru, Leodegar alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi, mizani ya kahawa iko kwake, heshima iko kwake, na ng'ombe wake wa maziwa alikuwa wa kizungu, mweusi na mweupe, mkubwa kama kabati. Wiki hiyo Thadeus alikuwa amempelekea sale kwa sababu misani, wakati wa mageuzo, alimfikiria yule ng'ombe akatamani angekuwa wake. Leodegar akacheka, akalichomeka jani kwenye paa la banda, akasema, "Meku, mzee wangu, tamani tu, kutamani hakukamui." Kabla ya wiki kuisha ng'ombe akaanguka na povu mdomoni, akafa, na watu wakasema kanywa maji ya mfereji yenye dawa ya kahawa, na mfereji unapita kwetu kabla ya kufika kwake. Leodegar akaenda bandani akalichomoa lile jani, limeshaanza kukauka, akalishika juu mbele ya wazee, akasema, "Mtu haombi msamaha bure. Huyu alijua." Nilimwona alivyosema, hakuwa na ubaya, alikuwa na uchungu, na kwa desturi yetu alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, nani aliyewahi kuona mtu anabeba sale kwa kosa ambalo halipo… nani, isipokuwa mimi. Wakamwuliza Thadeus, mzee mmoja akamwuliza kwa upole kabisa, "Baba Yuditha, asubuhi ile uliosha pampu ya dawa mferejini, au hukuosha? Sema hukuosha, tuondoke." Walikuwa wanamtafutia mlango. Na Thadeus akainua macho, midomo inacheza, akasema, "Siwezi kuapa kwamba sikuosha." Uwanja mzima ukaguna. Hawakumjua. Mtu yule hawezi kuapa kwamba amefunga mlango wakati komeo liko mkononi mwake, ukimwuliza kama yeye ni Thadeus atakuambia ngoja kwanza nifikirie. Ndipo wakanigeukia mimi.

Sina neno.

Akatozwa mbuzi na mbege, wakanywa, wakapatanishwa, wakashikana mikono, na mimi nikajiambia Lukresia umefanya vizuri, mume wako siku zote anatafuta dhambi inayomtosha, hii sasa imemtosha, imetozwa imelipwa imekwisha, atalala. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na hata kwa padre nilisema hivyo hivyo, Padre, nilinyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba, akanipa baraka na rozari moja, nikatoka kanisani na miguu mizito kuliko nilivyoingia nikadhani ni jua. Hakulala. Ndipo ugonjwa ulipokomaa, maana sasa lilikuwepo jambo la kweli ambalo watu wazima walikaa wakalitaja kwa jina lake, hakushika tena pampu, hakushika tena maji ya mfereji, zamu yetu ya maji ikifika nakwenda mimi na jembe kufungua, kahawa ikakaa bila dawa, ikaota kutu majanini, matunda yakawa meusi yakadondoka, wanawake wakawa wanachota maji juu ya kwetu, hakuna anayesema kitu, wanapita tu na ndoo zao, wanatusalimia vizuri, wanapanda juu zaidi. Yuditha akawa analia shuleni, wanamwambia binti wa sumu. Ndiye huyo huyo Yuditha, alipokwenda kujifunza uuguzi, akarudi likizo akamtazama baba yake akiosha ndoo ya maziwa mpaka ngozi ya vidole ikachanika, akasema, "Mama, huyu baba hana dhambi nyingi. Huyu baba ni mgonjwa." Nilimkemea. Nilisema usimwite baba yako chizi. Akasema sijasema chizi, mama, nimesema mgonjwa, na akanipeleka kwa Sista.

"Akiuliza, unamjibu?" ndivyo alivyoniuliza Sista Veronika, kakaa kwenye benchi pembeni yangu, si mezani. "Namjibu, Sista, nitafanyaje, mume wangu." "Na ukimjibu anatulia?" "Anatulia kabisa." "Mpaka lini?" Nikafikiri, nikasema, "Mpaka uji uchemke." Akacheka, na mimi nikacheka, aibu imenijaa, akasema, "Mama, wewe unamnunulia mlevi pombe ili asikusumbue usiku," nikaacha kucheka. Mimi niliyejisifu mume wangu hanywi. Akanifundisha maneno ya kusema, hayo tu, hilo ni swali la ugonjwa, sitalijibu, halafu endelea na kazi uliyokuwa nayo, usiwe mkali, usimbembeleze, na yeye mwenyewe Thadeus alikuwepo na alikubali, alitikisa kichwa akasema nimeelewa, halafu tukiwa njiani akaniuliza kama alivyotikisa kichwa ilikuwa kwa heshima. Siku zile za kwanza nilidhani nitakufa mimi kabla yake. Alinifuata bandani, alinifuata shambani kwenye migomba, nikaingia chooni akaniuliza kupitia ukuta, "Mama Yuditha, unanisikia? Sina haja na jibu refu." Alilia. Mimi nililia nikiwa na mzigo wa kuni ili ionekane ni moshi na uchovu. Lakini wiki iliyopita aliuliza kuhusu maziwa, hakujibiwa, akasimama, akasimama, nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayebeba gunia, halafu akaenda kumwaga maziwa kwenye chujio kwa mkono ambao hakuunawa mara ya pili, na maziwa tukanywa, na hakuna aliyekufa. Akayanywa na yeye. Akanitazama juu ya kikombe. Kwa hiyo najua inawezekana, ndiyo maana sasa hivi sisemi, siharibu.

"Kama unajua uniambie basi," anasema mlangoni, sauti imeshuka. "Wewe ndiye uliyekuwepo." Aa, Thadeus. Neno hilo limeniingia mahali. Wewe ndiye uliyekuwepo… na ni kweli, nilikuwepo, leo njiani nilikuwepo, na siku ile nilikuwepo, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa tangu Sista anipe dawa hii, nalala nawaza, kunyamaza ndiko nilikomkosea mume wangu na sasa naambiwa kunyamaza ndiko kutakakomponya, na mimi nimeipokea dawa hii upesi mno, upesi kuliko mke mwenye huruma, nimekuwa hodari wa kunyamaza mpaka Sista ananisifu, na ndani yangu kuna kitu kidogo kinachofurahi, kinasema afadhali, sasa hata akiuliza la ng'ombe una ruhusa usimjibu, sista mtawa amekupa ruhusa. Mungu wangu, nimelificha neno langu ndani ya dawa yake. Ndizi hii nimeimenya nikaikata nyama yote, imebaki kama kidole, naitupia majini hivyo hivyo. Maana ile amani ya nyumba… hebu iitazame vizuri, Lukresia, usikimbie, kuna mtu mlangoni anayeitazama shaka yake wima tangu asubuhi na yeye ni mgonjwa, wewe uliye mzima unashindwaje kuitazama ya kwako ukiwa umekaa. Asubuhi ile Thadeus hakuosha pampu. Hakuwa nyumbani. Tulitoka gizagiza mimi na yeye na kahawa vichwani, tukashuka kwa njia ya makaburi ili tusipite mbele ya chama, mpaka chini kwenye lori la mnunuzi binafsi, na ni mimi niliyetaka, yeye hakutaka, chama kilikuwa hakijatulipa malipo ya pili msimu mzima na Leodegar alisema mlangoni mwa kanisa kwamba anayeuza kwenye lori anamchoma jirani yake kisu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, nilimpigia makofi Leodegar, mikono hii, halafu asubuhi nikabeba kahawa. Na Thadeus, ah, alifika pale akachomoa sale kifuani mwa koti, akampa mnunuzi, kijana wa watu kutoka Tanga, kavaa miwani ya jua na jua halijatoka, kijana akaligeuza jani, "Hii ni dawa ya nini, mzee?" "Si dawa. Nakuomba radhi." "Kwa lipi?" "Labda kuna kijiwe kimeingia kwenye kahawa yangu." Kijana akamtazama sana, akasema, "Basi na mimi nakuomba radhi, mzee, labda kuna kijiwe kwenye mizani yangu," na akalikata jani vipande viwili, akampa Thadeus kimoja, watu wote foleni nzima wakacheka, na Thadeus naye akacheka, alicheka mpaka akajishika kiuno, meno yake yote, sikuwa nimeyaona meno yale tangu harusi. Tulikaa foleni pale mpaka jua likawa utosini. Ng'ombe alikunywa maji asubuhi ile ile na kuanguka asubuhi ile ile, walisema wenyewe mbele ya wazee, na alipoanguka ng'ombe, mume wangu alikuwa chini kwenye lori anacheka.

Na tukirudi… hapo ndipo sikuwahi kufika hata na padre. Tukirudi, kwenye ule mteremko wa mto, nilimshika mkono nikamwambia Baba Yuditha, neno la lori lisitoke, niapie. Akasema sipendi kuapa. Nikasema niapie kwa Bikira Maria. Mtu ambaye neno moja likiteleza kwenye sala anarudi mwanzo, nikamwapisha kwa Bikira Maria, akaapa, macho kayafumba, na siku ya wazee akasimama pale na kiapo changu kooni, hakuweza kusema alikuwa wapi, na kwa kuwa hakuweza kusema alikuwa wapi ugonjwa ukamwambia basi labda hukuwa huko, labda ulikuwa mferejini, na akageuza macho, sasa ndiyo nayaona macho yale, nilijifanya siyaoni, aliyageuza kwangu kabla wazee hawajanigeukia, alikuwa ananisubiri mimi. Hakuwa anaomba nimtetee. Alikuwa anaomba nimfungue. Na mimi nikatazama kitenge changu cha jumuiya nikaona nikisema lori watanivua, wataniambia mama wa makofi, nikasema sina neno. Haikuwa amani ya nyumba. Haikuwa kumpa dhambi ya kumtosha. Ilikuwa kitenge.

Basi, ndiyo hiyo. Nimeitazama. Nilidhani nikiifikia hapa jiko litaniangukia, na jiko limekaa tu, moto unawaka, maji yanaanza kuimba sufuriani, kuku anapita kati ya miguu ya Thadeus anaingia ndani kuokota maganda na sina hata haja ya kumfukuza. Ajabu. Kifua kimepata nafasi. Nilikuwa nadhani ni kitu kikubwa chenye meno, kumbe ni mwanamke anayeogopa kuvuliwa kitenge. Lakini nitamwambiaje, na nikimwambia si ndiyo kumjibu, si ndiyo kumnunulia pombe, Thadeus hukuosha pampu, uso utafunguka kama dirisha na kabla ndizi hazijaiva, una hakika… nilimwuliza Sista siku ile tukiagana, sikutaja jambo lenyewe, nilizunguka, nikasema Sista, na kama kuna jambo la kweli ambalo hakuwahi kuambiwa, nalo nimnyime? Akanitazama, akafikiri, akasema, "Ukweli unasemwa mara moja, mama. Kinachorudiwa ndicho ugonjwa." Nikasema asante nikapanda njia, nikijidai sikuelewa. Mara moja. Na mimi mara moja hiyo sijaitoa. Maswali yake ya salamu na kukohoa na kivuli nimeyajibu miaka na miaka mpaka ulimi ukaota sugu, na lile moja ambalo lilikuwa langu kulijibu sikulijibu hata mara hiyo moja. Tena si yeye anayedaiwa kuambiwa kwanza, yeye alikuwepo, meno yake yalikuwepo pale kwenye lori. Ni Leodegar. Ni wazee. Nikisimama pale uwanjani nikasema mbele yao, na Thadeus amesimama pembeni anasikia, hilo halitakuwa jibu la swali lake la ugonjwa, litakuwa toba yangu mimi, na kiapo nitakuwa nimekifungua, na kama usiku atauliza una hakika nitamwambia kama nilivyofundishwa, hilo ni swali la ugonjwa, na nitaweza kulisema nikiwa na macho yaliyonyooka. Kitenge wachukue. Kina matundu. Na mtamba akifa, basi afe mtamba wa watu akiwa hana kesi na mtu, na akipona nao wamshukuru Mungu, lakini hawatakuwa na mume wangu wa kumtazama. Leodegar atakasirika, ana haki. Labda atacheka, zamani alikuwa mcheshi. Miguu yangu, ile mizito ya siku ile nikitoka kanisani, naisikia, imekaa hapa chini ya kigoda miepesi kama ya mtu aliyevua viatu.

"Mama Yuditha," anasema Thadeus mlangoni, jani amelihamishia mkono wa kushoto, wa kulia anaufuta kwenye suruali, hajasogea hatua, hajaingia wala hajaondoka, "salamu yangu ilikuwa na dharau?" na sasa namtazama, ninaweza, uso wake umechoka na ndevu zake zimeanza mvi upande mmoja, namwambia, taratibu, bila ukali, "Hilo ni swali la ugonjwa, Baba Yuditha, sitalijibu," naye anafumba macho, anavuta ile pumzi ya gunia, anabaki amesimama pale pale, na mimi nachukua ndizi nyingine, nakata kichwa chake, napitisha kisu chini ya ganda, na nasema, "Lakini mimi nina ombi. Tukishakula unisindikize kwa Leodegar, nikamweleze yeye na wazee habari ya lori, nami nakufungua kile kiapo. Siwezi kwenda peke yangu. Nisindikize."